Mstari Mbele ya Duka la Miwani

Kazini walimwita Chaki, na jina lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yenyewe. Katika kikosi cha manispaa kinachochora mistari ya barabarani, yeye ndiye aliyetangulia na kamba na chaki kuonyesha rangi ipite wapi. Ya pili ni tabia. Alikuwa mpole mno, mwenye sauti ya kunong'ona, na wenzake walisema ukimpitishia mkono tu anafutika. Alicheka nao waliposema hivyo. Hawakujua kwamba binti huyo, aliyeomba radhi hata kwa koni za plastiki alipozigonga na baiskeli yake, alikuwa na mtu anayemtafutia dawa.

Mtu mwenyewe alikuwa na duka la miwani kwenye barabara ya maduka, njia aliyopita Chaki kila asubuhi kwenda kazini. Juu ya mlango wa duka palichorwa jicho kubwa la buluu lenye kope ndefu. Mbele yake palikuwa na nafasi tatu za kuegesha, na ile ya katikati ilikuwa ya gari lake jeusi, linalong'aa kama kiatu kipya. Chaki hakujua jina lake. Kichwani mwake alimwita Bwana Miwani, na kichwani humohumo alikuwa amemuua mara nyingi sana. Alimuua kati ya mzunguko wa barabara na taa za kwanza. Taa zikiwa nyekundu, alimfufua ili amuue tena kwa utulivu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa msusi wa kuzunguka. Saluni yake ilikuwa baiskeli. Mbele kikapu cha machanuo na mafuta, nyuma kwenye keria mafungu ya nywele za bandia, naye katikati, mgongo wima, akienda nyumba kwa nyumba kama mtu aliyealikwa kila mahali. Yeye ndiye aliyemfundisha Chaki kuendesha, akikimbia nyuma huku ameshika kiti na kumdanganya kwamba hajakiachia.

Asubuhi moja walikuwa wakiongozana, mama mdogo mbele, Chaki nyuma, pembeni kabisa ya barabara, wakiyapita magari yaliyoegeshwa. Mlango wa lile gari jeusi ukafunguliwa wote kwa mpigo mmoja, bila aliyeufungua kutazama nyuma. Mama mdogo akauvaa mzimamzima.

Bwana Miwani alishuka, akainama. Chaki alidhani anainama kumwinua mama mdogo. Kumbe aliinamia mlango. Alilamba kidole gumba, akasugua mkwaruzo, akalamba tena, akasugua.

"Ona mlivyoniharibia mlango," alisema, bila kumtazama yeyote kati yao. Kisha akafunga gari, akaingia dukani.

Na Chaki alifanya nini? Aliokota machanuo. Aliyaokota barabarani moja moja, akayafuta vumbi kwa sketi yake, akayapanga kikapuni, wala hakutamka neno. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko mlango. Maneno yote aliyopaswa kumwambia yule mtu yalimjia baadaye, anakoga, anachemsha chai, na kila yalipomjia yalikuwa yamechelewa.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, kikaunga vibaya. Daktari alisema mkono umepona. Labda kwa mtu wa kubeba faili ulikuwa umepona. Kwa msusi, kidole gumba kisichoweza kubana unywele ni kama koo lililokauka kwa mwimbaji. Baiskeli ikaegemezwa ukutani. Mama mdogo akabaki nyumbani, wateja wachache waaminifu wakamfuata hukohuko, naye Chaki akitoka kazini akawa mikono yake: yeye anasuka, mama mdogo anaelekeza.

"Kaza, mwanangu. Hicho ni kichwa cha mtu, siyo barabara. Usiache nafasi ya lori kupita."

"Samahani, mama."

"Usiniombe mimi, muombe mwenye kichwa."

Mama mdogo alitania hivyo mbele ya wateja. Lakini wakati mwingine Chaki alimkuta amekaa peke yake, anakunja na kukunjua kile kidole, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lililobadilishwa. Kila alipomkuta hivyo, Bwana Miwani alikufa tena.

Siku Msimamizi wa kikosi alipotandaza mchoro mpya juu ya boneti ya gari la kazi, Chaki aliona jina la barabara ya maduka, akasogea karibu.

"Njia ya baiskeli," alisema Msimamizi. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye kupiga miluzi akifikiri. "Hatimaye wamewakumbuka watu wako, Chaki."

Mchoro ulikuwa mzuri, hata yeye alikiri. Magari yangeendelea kuegeshwa kando ya maduka kama kawaida. Baiskeli zingepita nje ya magari hayo, kwa mstari ulionyooka toka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Na kati ya magari na baiskeli injinia alikuwa ameacha ukanda wa mistari ya mshazari, upana wa mlango uliofunguliwa wote, ili anayeshuka garini asimpate anayepita. Injinia alikuwa amefikiria kila kitu. Machoni pa Chaki mchoro ule ulikuwa na kasoro moja tu: haukumwadhibu mtu.

Kazi yao ilikwenda hivi. Chaki alipiga chaki mchana, na kesho yake alfajiri, barabara ikiwa bado tupu, mashine ya rangi ilipita juu ya chaki. Watu wa mashine hawakutazama mchoro. Hawajawahi kuutazama. Walitazama chaki, na chaki ikikunja, walikunja. Zamani Msimamizi alikuwa akipita nyuma ya Chaki kukagua, lakini kwa jinsi kazi yake isivyokuwa na doa aliacha. Siku hizi aliuliza tu, "Imekaa?" naye Chaki akijibu, "Imekaa," basi.

Mchana ule alipofika mbele ya jicho la buluu, mwenzake wa kushika kamba alikuwa amekwenda kununua maji. Nafasi tatu zilikuwa zimeondolewa magari na kuwekewa koni. Chaki alipigilia msumari mwenyewe, akafunga kamba mwenyewe. Mkono wake, unaotetemeka hata akisaini daftari la mahudhurio, ulitulia kama wa mpasuaji. Aliipeleka njia ya baiskeli ndani, mpaka ukingoni kabisa mwa barabara, ikameza nafasi zote tatu. Kisha, kwa kuwa mbele kidogo yalianza maegesho ya duka la dawa, akaitoa tena nje. Aliposimama kuitazama, chaki ilikuwa imepinda kama goti.

Aliona ilivyopinda. Akakung'uta mikono, akaendelea mbele.

"Imekaa?" aliuliza Msimamizi jioni.

"Imekaa."

Kesho yake, baada ya mashine kupita na rangi kukauka, Chaki alijitolea kukusanya koni za upande ule. Hakuna aliyeona ajabu. Siku zote hujitolea. Alikuwa amekumbatia koni kifuani Bwana Miwani alipofika na gari lake jeusi, akasimama katikati ya barabara, akashusha kioo. Pale gari lake lilipozoea kulala palikuwa na picha ya baiskeli, nyeupe pee, kubwa kuliko baiskeli yenyewe.

"Dada," aliita, "hii imekuwaje? Gari nitaweka wapi?"

"Kule nyuma ya soko kuna nafasi, mzee."

"Nyuma ya soko? Kule ni mbali."

"Ndiyo, mzee," alisema Chaki kwa adabu zote. "Ni mbali."

Gari la nyuma likapiga honi. Bwana Miwani akaondoka akisonya. Baadaye Chaki alimwona akirudi kwa miguu, shati limemganda mgongoni, maboksi mawili ya fremu kayapakata kama mapacha wagonjwa. Aliona pia wateja wakija na magari yao, wakizunguka mara moja, wakizunguka tena, wakienda zao. Alikaa ng'ambo ya barabara na chupa yake ya chai na kutazama yote hayo. Haikuwa furaha ya watu wema. Aliijua kwamba siyo, na aliinywa mpaka tone la mwisho.

Kwa siku kadhaa aliendesha kwenda kazini kama mtu mwenye miliki. Hakumuua tena Bwana Miwani njiani. Hapakuwa na haja. Alimtaka hai, akitembea kutoka soko.

Barabara ile ilikuwa na mtu mwingine wa baiskeli, mpeleka mikate, mwenye kreti refu nyuma linalomfanya aonekane amebeba kabati. Walijuana kwa salamu tu. "Mistari inasemaje, bibi?" angeuliza akimpita, naye Chaki angeinamisha kichwa na kutabasamu. Asubuhi moja alimpita vilevile, akauliza vilevile, akatangulia.

Chaki alimwona akiifuata njia kuingia ukingoni mbele ya duka la miwani. Alimwona akiifuata kutoka tena. Palepale pa kutokea, mbele ya duka la dawa, palikuwa pameegeshwa gari kubwa la mizigo. Mpeleka mikate akachomoza nyuma yake kama aliyerushwa, na lori lililokuwa likija barabarani lilikuwa limeshafika.

Breki zililia. Mtu wa mikate alijitupa upande wa gari lililoegeshwa, baiskeli ikaenda upande wake, kreti likafunguka. Lori liliposimama, mikate ilikuwa chini ya tairi zake na yeye amekaa chini kando, suruali imechanika gotini, anatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Dereva wa lori alishuka mbio. "Kaka, sikukuona. Nakuapia sikukuona. Umetokea wapi?"

"Nimefuata mstari," alisema mtu wa mikate. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kuliko hasira. "Nimefuata mstari, ndugu yangu. Mstari ndio ulionileta."

Chaki alikuwa amepiga magoti, anaokota mikate. Alikuwa ameshika minne alipotambua anachofanya: kwa mara ya pili barabara ile ile, mtu kaanguka, naye anaokota vitu bila neno. Safari hii hakukuwa na wa kumchukia ila mwenye chaki.

Bwana Miwani alikuwa amesimama kwenye ngazi za duka lake, mikono kifuani. "Nilisema mimi," aliwaambia waliokusanyika. "Huu mstari kauchora mlevi. Angalieni ulivyopinda. Utaua mtu huu."

Na kati ya watu wote, yule ndiye aliyekuwa anasema kweli.

Kazini Chaki alimkuta Msimamizi anahesabu makopo ya rangi, anapiga miluzi.

"Mbele ya duka la miwani," Chaki alisema, "mchoro hauko vile."

Miluzi ikakoma. "Ulikosea kipimo?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, na Msimamizi mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Angejibu ndiyo, ingekuwa bahati mbaya, na watu wangemhurumia.

"Sikukosea. Nilikusudia."

Akamweleza. Alieleza akitazama viatu vyake, lakini alieleza yote: mlango, kidole kilicholambwa, mkono, goti la chaki, mtu wa mikate. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya kopo.

"Ningekuwa mimi," alisema polepole, "ningemmwagia rangi gari zima, mpaka vioo. Lakini gari lake, Chaki. Siyo njia ya watu."

"Ndiyo."

"Naichukua chaki. Utabeba koni mpaka nitakaposema vingine. Na lile goti utalikwangua mwenyewe."

Siku hiyohiyo waliziba njia kwa koni, na alfajiri iliyofuata Chaki alianza kukwangua. Mashine ya kukwangua rangi ni nzito, inamtikisa mtu mpaka meno, na vumbi lake jeupe linaingia kila mahali. Jua lilipochomoza alikuwa mweupe toka kope hadi buti. Bwana Miwani alifungua duka, akamwona, akaingia ndani, akatoka na kiti na kikombe cha chai. Akakaa kwenye ngazi, mguu juu ya mguu.

"Safisha vizuri, dada. Pale nyuma yako pamebaki."

Chaki alirudi nyuma, akasafisha palipobaki.

"Niliwapigia ofisini kwenu mpaka wakanichoka. Mtu akinyamaza anaonewa, si unaona?"

Chaki alizima mashine. Alivua kitambaa kilichoziba mdomo.

"Mzee," alisema. "Yule msusi uliyemfungulia mlango wa gari, ni mama yangu mdogo."

"Msusi gani?"

"Hapahapa. Alikuwa na baiskeli. Alivunjika mkono."

Bwana Miwani aliweka kikombe chini, akafikiri. Chaki aliona kwamba anafikiri kweli, hajitii hamnazo. Alikuwa anatafuta kichwani mwake, na hapati. Kisha uso ukamchanua.

"Aa, ule mkwaruzo. Yule mama aliyenikwaruza mlango." Alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya soko, lilikokuwa gari. "Ule uliisha zamani, dada. Nilimpa fundi, akaupiga rangi, leo ukitazama hujui hata palikuwa wapi. Wala usiwe na wasiwasi." Akachukua tena kikombe chake. "Mwambie mama nilishamsamehe."

Yale maneno yote ya kwenye kukoga na kuchemsha chai, Chaki hakuyaona. Aliwasha mashine. Alikwangua mpaka goti likaisha, na mchana, chaki ikiwa mikononi mwa mtu mwingine na mashine ya rangi ikimfuata bila kungoja alfajiri, nafasi tatu zilirudi mahali pake, na nje yake ukanda wa mshazari, na nje ya ukanda njia ya baiskeli, imenyooka. Jioni alimwona mpeleka mikate akiipita, goti limefungwa bendeji, hata hakupunguza mwendo. Hilo tu ndilo lililompa nguvu za kukanyaga pedali mpaka nyumbani.

Mama mdogo alikuwa kibarazani anapanga nywele za bandia kwa ajili ya mteja wa jioni. Alimtazama binti yake alivyopauka kwa vumbi.

"Umeangukiwa na gunia la unga?"

Chaki akamwambia kila kitu. Alipofika kwa mtu wa mikate, mama mdogo alimkatiza.

"Ungeua, mwanangu. Ungemuua mtu wa baiskeli, kwa ajili yangu mimi mtu wa baiskeli. Ningekaa wapi na hilo?"

"Najua, mama."

"Hujui. Ila utalibeba, na ni haki yako kulibeba." Akasogeza fungu la nywele pembeni. "Haya. Na yeye ukamwambia ni mimi?"

"Nikamwambia."

"Akasema nini?"

Chaki alitaka kumficha, lakini siku ile alikuwa ameshazoea kusema. "Kasema nikwambie amekusamehe."

"Rudia."

"Alishakusamehe. Kwa ajili ya mkwaruzo."

Kile kidole gumba cha mama mdogo kilijikunja nusu, kikakwama, kikajikunjua.

Mpaka siku hiyo hakuwa amemwambia mteja yeyote. Walipomuuliza mkono, alijibu kwamba aliteleza bafuni, na walimwamini. Chaki alidhani ni aibu. Sasa mama mdogo alimweleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akichambua nywele, kwamba haikuwa aibu. Alikuwa anampa yule mtu muda. Alijiambia kwamba bwana yule ameona alichofanya, na mtu aliyeona hujirudi. Atauliza yule mama anakaa wapi, atakuja, hata akikaa mlangoni tu. Hakutaka akija akute ameshatangazwa mji mzima.

"Kumbe nilikuwa namtunzia heshima," alisema, "naye ananisamehe."

Hapo ndipo mteja wa jioni alipobisha hodi. Alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye miwani ya fremu nyekundu, na jina lake la utani lilikuwa Redio. Alichosikia asubuhi, kabla ya adhuhuri kilikuwa kimefika hata kwa wasiomjua. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkoba mapajani, Chaki akanawa vumbi na kuanza kusuka.

Mama mdogo alielekeza kama kawaida mpaka upande mmoja wa kichwa ukakamilika. Redio akajinyoosha shingo.

"Na mkono wako, dada, unaendeleaje?"

"Mkono umesamehewa," alisema mama mdogo.

"Umesamehewa? Na nani tena?"

"Kaa vizuri, usimsumbue mtoto. Nitakwambia, ila naomba lisifike kwa mtu."

"Mimi tena, dada? Unanijua."

"Nakujua."

Akamwambia. Hakutia chumvi hata chembe. Hakupaza sauti, hakutukana. Alisema mlango, akasema kidole kilicholambwa, akasema machanuo barabarani, akasema bafuni hajawahi kuteleza, akataja duka lenye jicho la buluu. Mwisho akasema alivyosamehewa leo, na mwenye mlango, aliyekuwa anakunywa chai. Chaki aliacha kusuka bila kujijua. Hakuwahi kusikia hadithi ikisimuliwa vile, kila kitu mahali pake, imebana, bila unywele mmoja kuchomoza.

Redio alivua miwani yake nyekundu, akaigeuzageuza.

"Hii nilinunua kwake," alisema.

"Najua. Inakupendeza."

Redio aliitia mkobani, akafunga zipu, akasimama.

"Mama, bado nusu," Chaki alimwambia Redio, chanuo mkononi.

"Nitarudi kumalizia, mwanangu. Kuna mahali nimekumbuka."

Akavaa viatu mguu mmoja baada ya mwingine huku anatembea, akatoka. Chaki alimfuata mpaka kibarazani. Jua lilikuwa bado lipo na watu ndio kwanza wanatoka makazini. Redio alikuwa ameshafika kona, nusu ya kichwa imelala kwa mistari, nusu imesimama wima, na tayari alikuwa amesimamisha wanawake watatu.

"Mama," alisema Chaki, "ulimwambia asiseme."

"Nilimwambia." Mama mdogo alikuwa anakusanya nywele zilizobaki, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya yote miwili. "Anaelekea wapi?"

Chaki alichungulia tena. "Barabara ya maduka."

"Vizuri," alisema mama mdogo. "Kule wote nimewasuka mimi."